Mtafiti wa Simu Aliyepokea Maziwa kwa Mkono Mmoja

Mama Nduta, mshauri wetu, nisaidie, na ukitaka kucheka, cheka kwanza, maana yangekuwa ya mwingine hata mimi ningecheka.

Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Eldoret, ninatafiti jinsi mtandao unavyoathiri mtu, familia na jamii, na nimezunguka mtaa wetu wa Kimumu nyumba kwa nyumba nikiuliza wake za watu kama waume zao hushika simu mezani, wakisema ndiyo natikisa kichwa kwa huzuni ya kisomi, na hata kanisani nilialikwa kuwafunza wanandoa nikapigiwa makofi. Sasa juzi baba mkwe, Mzee Amos, alitutembelea kutoka Moiben amebeba kibuyu cha mursik, maziwa ya heshima kwao Wakalenjin, na kwa vile mimi ni Mkikuyu na alichukua muda kunikubali, nilijua siku hiyo ni kubwa, lakini mhojiwa mmoja alikuwa ameanza kunijibu kwa WhatsApp, na Mzee aliposimama kunibariki na kunipa kikombe, nilikipokea kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiandika, "Je, simu imewahi kuvunja heshima nyumbani kwenu?"

Mzee akasema, "Kijana, maliza kwanza na hao watu yako," akachukua kofia akaenda. Mke wangu Rael akambeba mtoto akamfuata, na mlangoni akaniambia, "Umeuliza mamas wa Kimumu wote. Mimi uliniuliza lini?"

Basi msomi nikafungua group ya WhatsApp ya kuomba msamaha, nikawaweka Rael, ndugu zake na Mzee mwenyewe, na wote wametoka, nimebaki peke yangu kama admin. Nampenda mke wangu, Mama, na ninaogopa hatarudi. Nitume sauti au video?

Muchiri, Kimumu

Muchiri,

Nimecheka, uliniruhusu. Sasa sikiliza.

Usitume sauti, usitume video, na hiyo group uifute leo. Mganga hajigangi, kwa hivyo kosa lako si geni, na nakuonea huruma. Lakini mzee amebeba kibuyu kutoka Moiben kuja kukuambia wewe ni mtoto wake, nawe ukamwonyesha kuna mtu mkubwa kuliko yeye, tena mtu usiyemjua hata sura! Ningekuwa mimi ningeondoka na kikombe pia.

Jumamosi nenda Moiben. Simu ibaki nyumbani. Ukipotea njia, uliza watu, bado wapo. Tafuta mzee mmoja wa kwenu au wa kanisa mwende naye, kwa sababu aibu kama hiyo kijana haiondoi peke yake. Ukiambiwa ungoje nje, ngoja. Utafiti usiutaje kabisa. Ukipewa maziwa, pokea kwa mikono miwili, unywe yaishe.

Halafu mwite Rael kando, umuulize lile swali ulilowauliza wake za watu. Usiandike anachojibu. Kaa umsikie.