Kwa Nini Bisil

Mzee Mutiso,

Wewe umelala huko kwenu Machakos, na mimi niko hapa Kitengela na maswali yangu yale yale. Uliniita Kwanini tangu siku nilipoanza kushika spana kama mwanafunzi wako, mpaka wateja wakasahau naitwa Mwende. Basi Kwanini anakuandikia, na leo huwezi kujifanya unatafuta nati iliyoanguka.

Kwanza habari za hapa. Ule uwanja nyuma ya gereji, pale nyumbu walikuwa wakipita asubuhi, mtu ameuzungushia seng'enge na kumwaga mawe ya kujenga. Nyumbu bado wanakuja. Wanafika kwa waya, wanaangalia, wanarudi. Mimi huwa najiuliza kama huko wanakorudi wanaambiana. Nimenunua simu ya mkono, ungecheka vile napiga kelele nikiongea. Baada ya mazishi mkeo alisema niendelee na kazi, nikaendelea, lakini magari yalipungua. Watu walisema bila Mutiso pale kumebaki mabati na msichana. Msichana! Na nimepita thelathini.

Halafu msimu wa inspekshen ya magari ukafika. Nilitayarisha gereji vile ulinifundisha. Nilifagia, nikamwaga majivu ya jikoni pale gari zinalala, ili tone la mafuta likianguka lijionyeshe lenyewe asubuhi. Nikapanga balbu, wipa na zile reflekta nyekundu. Nikajaribu kila jeki kwa ile lori yetu mbovu kabla ya kuiamini na gari ya mtu. Haya yote nilijua sababu yake, kwa maana niliuliza mpaka ukachoka. Ni jambo moja tu ulikataa kunijibu.

Kila gari ya mizigo, ikishakamilika, lazima uipeleke Bisil siku ya soko, peke yako, ndio iende inspekshen. Kwa nini usigeuzie Isinya, na ni karibu, na barabara ni hiyo hiyo? Ulikuwa unasema chai ya Bisil ni tamu. Mzee, nimeinywa hiyo chai. Ni chai tu.

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Nyokabi, yule wa vitunguu vya Loitokitok. Alileta pikap yake akasema waziwazi: ikipita inspekshen, atawaambia wenzake wote wa soko warudi kwangu. Isipopita, tuagane. Nikaishughulikia mpaka nikaridhika. Breki zilishika, majivu yalibaki makavu, na kesho yake ndiyo ilikuwa siku yake ya kukaguliwa. Ningeiacha hapo na hakuna mtu angeniuliza. Lakini Bisil ilikuwa siku ya soko, na nilikuwa nawashwa na lile swali. Nikaenda.

Nikasimama pale kwa soko la kondoo, sijui natafuta nini. Akatokea mzee Mmaasai wa mkongojo, mguu mmoja umekatwa chini ya goti. Akaangalia pikap, akaangalia ovaroli yako, maana siku hizi naivaa mimi. Nikamsalimia, sopa, akaitikia vizuri, akauliza Mutiso yuko wapi. Nikamwambia tulikuzika. Halafu akaongea na wenye kondoo kwa Kimaa, wakapakia nyuma mpaka springi zikalala, na yeye akapanda mbele bila kuniomba ruhusa, akasema niendeshe.

Tulipofika kwa mteremko ulio nje ya soko akaniambia nikanyage breki. Nikakanyaga. Kondoo wote wakaja mbele, pikap ikavuta kushoto, na changarawe ya kando ya barabara ikaanza kulia chini ya magurudumu. Aki Mzee, niliogopa. Asubuhi, ikiwa tupu, gari hiyo hiyo ilikuwa inasimama bila kupinda.

Yule mzee akafungua mlango, akashuka. "Hii sipandi," akasema. "Inspekta anapima gari ikiwa tupu. Lakini gari haiui watu ikiwa tupu."

Anaitwa Lemayian, lakini wewe unajua. Aliniambia alikuwa dereva wa lori, na lori hiyo ulikuwa umeitengeneza wewe, ikapita inspekshen bila neno, stika bado mpya kwa kioo. Wiki hiyo hiyo alipakia kondoo, akashuka ule mteremko, breki zikamkatalia, na mguu wake ukabaki hapo. Alinisimulia bila hasira, kama mtu anaeleza mvua ya zamani. Nami si unanijua, mdomo wangu hauna kufuli. Nikamuuliza kama ulimwomba msamaha.

"Hajawahi," akasema. "Alikuwa anakuja tu na magari, tunakunywa chai. Nikikubali kupanda, anaenda. Nikikataa, anarudi kutengeneza."

Kondoo wakashushwa, nikarudi polepole, nikamwambia Mama Nyokabi kesho gari haiendi. Alikasirika, na sikumlaumu. Alisema breki zinashika, inspekta ataipitisha, mimi natafuta sifa za marehemu. Nikamwambia ikiwa tupu, ndiyo, itapita. Nikabaki na funguo mfukoni. Akatembea mpaka barabarani bila kuniaga, nami nikajua wateja wa soko wameenda naye. Nilipofungua gurudumu la nyuma la kulia, nikakuta silinda ya breki imeshikwa na kutu, haisukumi kitu. Nililia huko chini, Mzee. Nilikuwa nimeikosa, na wewe pia ulikosa moja kama hiyo, na hukuniambia.

Nikaweka silinda mpya. Siku ya soko iliyofuata nikamwomba Mama Nyokabi aje mwenyewe. Alikuja amenuna, akaketi katikati. Lemayian akapanda, kondoo wakapakiwa, tukashuka. Nikakanyaga, pikap ikasimama pale pale, haikupinda hata kidogo. Nikamwangalia Lemayian. Hakugusa mlango. Akasema twende, akataka tumpeleke na kondoo wake mpaka Kajiado.

Mama Nyokabi alikuwa anautazama ule mguu uliokatwa. Yeye husafiri na mizigo yake, unakumbuka, anaketi hapo hapo mbele. Tulipofika Isinya akauliza mimi napatikana lini kwa gari ya dada yake.

Wenzake wa soko wamerudi na magari yao, na sasa majivu ya jikoni hayatoshi, nawaomba majirani ya kwao. Lakini bado nina swali, na hili hakuna wa kunijibu. Miaka yote hiyo mlikunywa chai na Lemayian. Mlikuwa mnaongea nini?

Pumzika, Mzee. Kila gari ya mizigo itakayoingia kwangu itafika Bisil kwanza, na Lemayian amesema atapanda. Na siku nitapata mwanafunzi, akiniuliza kwa nini, sitamwambia chai ya huko ni tamu. Nitampeleka.

Mimi wako,
Kwanini