Mwalimu Aliyeugua Mara Nyingi

Nyawira rafiki yangu,

Gathogo bado yuko. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza. Bado ni mwalimu mkuu wetu, bado anafunga tai hadi shingo inafura, na bado anaongea Kiingereza kirefu hata akiagiza chai.

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yetu ya staffroom, upande wako ukiwa mtupu. Walitaka kumketisha hapo mwalimu mpya wa Kiingereza. Nikamwambia kiti kimevunjika mguu. Hakijavunjika. Sikutaka tu kuona kiwiko cha mtu mwingine mahali pako.

Nataka kukueleza yaliyotokea tangu tulipokuzika, na mengi yanahusu neno moja la Kiingereza. Ungecheka. Mimi mwalimu wa Kiswahili, mtu uliyemtania miaka yote kwamba Kiingereza changu kina matope ya Mukurweini, nimegombana na watu kwa sababu ya kielezi.

Unakumbuka lile somo lako la Form Two? Niliingia kukuomba chaki nikakaa hadi mwisho. Uliandika ubaoni: "The farmer who digs slowly gets tired." Ukawauliza, huyu mkulima analima polepole, ama anachoka polepole? Darasa likagawanyika, kelele ikawa ya sokoni. Ukawaambia kwamba kielezi ni kama ndama, katika kishazi cha "who" kinafuata kitenzi chake nyuma nyuma. "Hiyo ni sawa. Lakini mkikiacha katikati ya vitenzi viwili," ukasema, "kitanyonya kwa yeyote." Walicheka hadi darasa la jirani likanyamaza kusikiliza.

Sasa sikia alichofanya yule mtu kwenye mazishi yako.

Ilikuwa pale kwenu Tetu, mvua inanyesha juu ya hema, watu wamesimama hadi kwenye shamba la chai. Gathogo akashika kipaza sauti. Alizungumza juu ya shule, juu ya uongozi wake, juu ya choo kipya. Choo, Nyawira, na jeneza lako liko mbele yake. Halafu akakukumbuka, akasema: "The teacher who fell ill often missed lessons, but we carried her to the end."

Hakupumua popote. Alilitoa lote kwa mkupuo mmoja, na hilo neno "often" likabaki limening'inia kati ya ugonjwa wako na masomo uliyokosa. Niliona vichwa vikigeuka. Wawili watatu wa bodi wakatikisa kichwa kwa huruma, ile huruma ya kumhurumia mwajiri.

Mama yako alikuwa ameshika mkono wangu. Akaniuliza pole pole, "Muthoni, ati amesema nini? Amesema mtoto wangu alikuwa hakuji kazi?"

Nikafungua mdomo nimtafsirie. Mwalimu aliyeugua mara nyingi alikosa masomo. Nikaona hata Kiswahili changu kimeanguka shimo hilohilo. Nikamwambia, "Anasema uchungu wa Nyawira ulikuwa mwingi, Mama." Akaniangalia. Hakuridhika.

Mimi nilikuona ukija darasani na plasta ya dripu mgongoni mwa mkono. Nilikuona ukisahihisha insha kwenye foleni ya hospitali, kofia ya sufu imeshuka hadi nyusi, unacheka peke yako kwa sababu mtoto ameandika mjomba wake alikufa "successfully". Ulikosa masomo, ndiyo. Siku za dawa kali, ukashindwa hata kukaa wima. Na kila mara ulinitumia ujumbe ukiniambia ukurasa gani niwape wasome. Huyo ndiye mtu aliyekuwa akibebwa? Na nani? Na Gathogo, ambaye hajawahi kubeba hata kikombe chake kukirudisha jikoni?

Ningemwacha na upuuzi wake. Lakini muhula ulipofunguliwa akatangaza kwamba shule itaweka ukumbusho wako maktaba. Tukafurahi, wajinga sisi. Siku ya mkutano wa walimu akauleta. Fremu kubwa, kioo, kingo za dhahabu. Ndani hakukuwa na picha yako. Ilikuwa hotuba yake ya mazishi, imepigwa chapa, jina lake chini limekuwa kubwa kuliko lako juu.

Nikasoma hadi nikaifikia ile sentensi. Iko vilevile. Nikamwambia, "Mwalimu Mkuu, hapa panasomeka vibaya." Akatabasamu, lile tabasamu la kumsaidia mtu wa Kiswahili. "Madam, in English the adverb follows the verb. 'Fell ill', halafu 'often'. Huyo rafiki yako si ndiye alikuwa anafundisha hivyo?"

Alikutumia wewe kujitetea. Alichukua nusu ya somo lako, nusu iliyomfaa, akanipiga nayo.

Nikasema, "Na 'missed' iko upande ule mwingine, inalivuta neno hilohilo." Wenzetu walikuwa wanaangalia simu zao. Wote, hata wale uliowapikia githeri walipofiwa. Gathogo akasema, "Mtu mwenye akili ataelewa." Tulipotoka akanifuata mlangoni akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kule mbali Timau kunatafutwa walimu wenye nguvu kama mimi.

Siku ya kuifungua hiyo fremu walimwalika mama yako. Alikuja na ile leso ya bluu, na ndizi, na wewe mwenyewe unajua ni nani huzila zote hapo ofisini. Bodi imekaa mbele, soda ziko tayari. Gathogo akasoma hotuba yake upya, kana kwamba hatukuwahi kuisikia. Kisha akasema kwa wema mkubwa, "Madam Muthoni atamtafsiria mzazi wetu."

Nikasimama. Nilitafsiri mstari kwa mstari hadi nikafika pale. Nikamgeukia.

"Mwalimu Mkuu, nisaidie. Nimwambie Mama aliugua mara nyingi, ama alikosa masomo mara nyingi? Ni moja tu. Chagua."

Akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Akasema muktadha uko wazi. Nikamwambia auseme basi, mama mtu anangoja. Alitazama bodi, akatazama soda, shingo ikafura juu ya tai. Mwishowe akasema, "Aliugua. Mara nyingi aliugua."

Nikamtafsiria mama yako. Yeye akauliza, kwa Kiswahili, ili Gathogo asikie mwenyewe: "Sasa kama ni kugonjeka ndiyo ilikuwa mingi, na alikuwa anakuja, mbona hamjaandika alikuwa anakuja?"

Nyawira, natamani ungemwona.

Unajua alivyorekebisha? Alitoa biro mfukoni, akafungua fremu palepale, akachora koma baada ya "often". Koma! Kati ya mtenda na kitenzi chake! Aliichora kama mtu anayetia saini mkataba, akarudisha kioo, akapiga makofi.

Mama yako alingoja makofi yaishe. Kisha akaomba aende na hiyo fremu nyumbani. Gathogo akajaa furaha, akamkabidhi huku akipigwa picha. Wiki iliyofuata nikaenda Tetu. Fremu iko ukutani sebuleni na ndani uko wewe, ile picha ya Karatina ukiwa umeshika kabeji kubwa kama mtoto. Nikauliza karatasi ya hotuba iko wapi. Mama akaonyesha jikoni kwa kidevu. "Kuni zilikuwa na maji," akasema.

Barua yangu ya uhamisho ilifika kabla ya muhula kuisha. Ni Timau kweli. Gathogo aliniandalia sherehe ya kuniaga, akanisifu kwa dakika nyingi, na sikumsikiliza hata neno. Nilikuwa nahesabu vifungo vya koti lake nikijiuliza ni kipi kitaruka kwanza. Sijamsamehe. Labda siku moja, kwa ajili ya presha yangu, lakini si mwaka huu.

Kinachoniuma ni kuondoka hapa. Kukuacha mara ya pili.

Basi lala, rafiki yangu. Udongo wa Tetu ni mwepesi na mama yako ameupandia maua ya njano. Nakuahidi hivi: kila likizo nitashuka kutoka Timau nikachume chai naye hadi vidole viwe vyeusi, na nitamsimulia yale ya kwako ambayo hakuwahi kuyajua. Nitaanza na asubuhi ile ulipocheka katikati ya maombi, nami nikalazimika kukohoa hadi "Amina".

Wako,
Muthoni