Komeo la Nje

Makanyagio, Mpanda

Mdogo wangu Edgar,

Salamu nyingi zikufikie huko Karema, wewe, wifi Upendo na watoto. Natumaini nyote ni wazima na ziwa linawapa riziki. Sisi huku tunapumua. Mvua imeanza vizuri, na samaki, ile migebuka uliyompa Melkiadi atuletee, imefika, isipokuwa miwili ambayo nadhani Melkiadi mwenyewe anajua ilikokwenda. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu huwa unanikatiza, na haya nataka uyapate yote kwa pamoja.

Ni habari za Baba. Majina yetu yamemtoka kabisa. Mimi ananiita Mama, siku nyingine Sista. Lakini ile misemo ya watu wakuu aliyokuwa akitusomea kwenye kalenda za misheni kila asubuhi, huku uji wetu ukipoa, haijampotea hata mmoja. Alikuwa anakaa dukani kwa jirani yetu Mwanahija, akiwaambia waliofuata sukari kwamba ukuu wa mtu hupimwa kwa yale aliyoyakataa, na kwamba anayeuza uhuru wake ili alale salama ataamka hana uhuru wala usalama. Wateja walimwitikia, ndiyo Mwalimu, wakachukua sukari yao wakaenda.

Tatizo ni kwamba anatoka bila kuaga. Mara ya kwanza tulimkuta stesheni, peku, anangoja treni ya Tabora siku ambayo hakuna treni. Mara ya pili bodaboda ilimgonga akateguka mkono, na kijana wa bodaboda alilia kuliko mimi. Mwanahija aliniambia waziwazi kwamba mara ya tatu nitaletewa maiti. Nami nina meza yangu ya nguo sokoni; nisipokwenda hatuli.

Basi nimeweka komeo kwenye mlango wa chumba chake, kwa nje. Fundi aliniuliza tena kama nina hakika ni nje, nikamwambia ni nje. Nilitegemea nitalia. Sikulia. Nilifunga, nikaenda sokoni, nikauza magauni mawili. Tangu siku hiyo sisikii kitu moyoni, si huzuni wala nafuu, na hali hiyo inanitisha.

Unakumbuka alivyokubali kupoteza kazi kuliko kusaini maelezo ya kumsingizia mwalimu mwenzake. Mtu wa namna hiyo nilidhani ataung'oa mlango. Hakugonga hata mara moja. Nilipomfungulia mchana nimpe chakula, nilimkuta amekaa kitandani, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, uso unang'aa. Aliniita afande. Akaniuliza kwa adabu kama wakubwa wangu bado wanataka asaini.

Hapo ndipo nilipoelewa, Edgar. Baba anaamini yuko gerezani kwa ajili ya msimamo wake. Tangu Mama afariki sijamwona ana furaha namna ile. Anakula, analala, halalamiki. Ananiambia kwamba watu wakuu wote walipitia chumba kama hiki, na kwamba hakutegemea kuwa na yeye angehesabiwa miongoni mwao.

Na mimi, badala ya kumwambia kwamba hapa ni nyumbani na mimi ni mwanawe, niliitika. Naitika kila siku. Kabla ya kufungua nanyoosha mgongo kidogo, kama askari. Jana alitaka kujua kama watoto wake wanajua alipo. Nikamjibu kwamba wanajua. Akaniomba niwafikishie ujumbe, kwamba wasije kumwombea atoke, na wasimwonee haya.

Huo ndio ujumbe wake, nimeufikisha. Wangu mimi ni kwamba uje, hata kwa wiki moja, unipokee zamu. Yeye haombi kutoka. Mimi naomba.

Msalimie wifi, uwabusu watoto kwa niaba yangu. Mwanahija naye anawasalimu, anasema mkija msije mikono mitupu. Mungu awalinde.

Ni mimi dada yako,
Cecilia