Mguu wa Mtu Mwingine Mbele ya Daktari

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana moyo umenielemea. Mimi ni serahangi, msimamizi wa mabaharia, hapa bandarini Dundee, na mwezi huu nimepewa kazi ya kuandikisha mabaharia wa merikebu mbili za serikali zinazokwenda kuchunguza bahari ya barafu, na kila mtu hukaguliwa na daktari, meno kwanza, kwa sababu kibogoyo hawezi kutafuna biskuti ya merikebuni, kisha makovu, kwa sababu sisi tuliowahi kuugua kiseyeye huko tunajua kwamba ugonjwa huo hufumua jeraha la zamani kana kwamba limekatwa jana. Shemeji yangu Gilbert Spink, mume wa dada yangu Euphemia, ana kovu la chusa ya kuwindia nyangumi pajani, refu kama mkono wangu, naye alinijia akasema, "Shemeji, unataka nizeeke hapa nikichemsha mafuta ya nyangumi?" nami nikalegea, nikapeleka kwa daktari mtu mwingine asiye na kovu, akajiita Gilbert Spink, daktari akampiga paja akicheka, "Spink, huu ni mguu wa bwana harusi!" akatia sahihi. Sasa Euphemia ananishukuru, "Kaka, daktari akisema ni mzima, mimi sina wasiwasi." Merikebu zinang'oa nanga Jumatatu. Nikisema, nitafukuzwa, na Gilbert hatanisamehe. Nikinyamaza, huenda nimemuua. Nifanye nini?

Serahangi, Dundee

Ndugu Serahangi,

Uliandika Ijumaa, barua imenifikia hapa Edinburgh leo Jumanne. Merikebu zimekwisha kuondoka.

Nakuhurumia, maana kumkatalia shemeji anayekusihi si kazi nyepesi. Lakini usijidanganye kwamba ulikuwa ukingoja ushauri. Jibu ulikuwa nalo; ulichongoja ni siku zipite.

Merikebu hizo zitatia nanga bandari ya Stromness, huko kaskazini, kuteka maji, na kwa kawaida hukaa huko juma zima. Nakutumia jibu hili kabla halijachapwa gazetini. Ukilipata, panda meli ya kwanza iendayo kaskazini. Mtafute daktari aliye merikebuni, umweleze ulilofanya bila kulipamba, naye atamteremsha Gilbert. Gilbert atakutukana mbele ya mabaharia wote. Nyamaza umsikilize, ni mtu aliye hai anayekutukana. Kazi utaipoteza, na ni haki uipoteze.

Ila kabla ya kupanda meli, pita kwa Euphemia umwambie kwa kinywa chako mwenyewe. Usimwachie barua, wala usimtume jirani.

Na ukizikosa merikebu, rudi moja kwa moja mlangoni kwake, umwambie kwamba hukuzikuta.