Wimbo wa Kupeana Mgongo

Mhina, ndugu yangu,

Tangu tukuzike, hapa Manundu tu wazima, na bendi yetu ya shamba la mkonge ingali inapiga. Tarumbeta yako kubwa anayo Saidi wa Hale. Usikunje uso. Kijana ana pumzi, ila mwanzoni alikuwa na haraka ya mtu anayekimbilia basi Segera.

Sikumlaumu. Ule wimbo wetu wa tarumbeta mbili ni wa waliooa, na yeye hajaoa. Ikabidi nimsimulie ulikotoka: siku ile tulipokwenda Handeni kumjulia hali mkweo, Bibi Mwanaidi. Wewe umesimama uani, umeupa mgongo mlango wa jiko, unauliza habari za mahindi kwa sauti yako nzito. Yeye yuko ndani, naye amekupa mgongo, anakohoa kidogo kwanza ndipo anajibu kwa sauti yake nyembamba. Kwa heshima ya ukwe hamkuwahi kutazamana usoni tangu umwoe binti yake, na sijaona watu wawili wanaosikilizana kama ninyi. Njiani kurudi ukaanza kupiga mluzi sauti yako, nami nikaitikia ya kwake, kikohozi nikakitia humohumo. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Hapo kwenye kikohozi tusiharakishe," ukaniambia. "Mkwe hakatizwi."

Sasa sikia. Watu wa kwa mkweo wamehamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, na bendi yetu iliitwa kwenye ufunguzi. Mwenyekiti wa kamati akatuagiza mimi na Saidi tusiupige kwa kupeana mgongo kama ilivyo desturi yetu, bali sote wawili tuelekee jukwaani, maana mgeni rasmi haonyeshwi mgongo. Ningekubali, Mhina, ningekuwa nimekuzika mara ya pili. Nikamjibu kwa adabu kwamba wimbo huu una mkwe ndani yake, na anayetaka kumtazama mkwe usoni, shauri yake. Wazee wakacheka, naye akaacha.

Tukasimama mgongo kwa mgongo. Saidi akauliza swali lako la kwanza, polepole, kama nilivyomfundisha. Kabla sijapeleka tarumbeta mdomoni, nikasikia kikohozi kutoka upande wa akina mama. Alikuwa Bibi Mwanaidi. Alijitanda khanga, akaigeuzia mgongo ile sauti nzito, kama mama ambaye mkwewe yupo uani.

Machozi yalinitoka mbele ya watu wote, wala sioni haya kukuambia. Nimekukumbuka sana, ndugu yangu. Lakini mkwe hakatizwi. Nikamngoja amalize kukohoa, ndipo nikajibu, na tukaupiga mpaka mwisho.

Pumzika, Mhina. Maadamu nina meno ya kushikilia tarumbeta, hakuna atakayetugeuza tutazamane. Na Saidi nimeshaanza kumtafutia mke.

Mwenzako wa sauti nyembamba,
Zuberi