Nitampitaje mtu ninayemwamkia?

Mpendwa Mama Evaresta, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi, kwa sababu baada ya hapo hata ukinijibu itakuwa haina maana, na jina langu usijisumbue kulificha, naitwa Nusura Shamsudin wa Ngarenaro, nina miaka kumi na nane, na ukisema tu binti anayeendesha pikipiki za mashindano hapa Arusha watu watajua ni mimi.

Mama, nilianza nikiwa na miaka tisa. Baba yangu ni fundi kwenye gereji ya Mzee Mohinder, na nikitoka shule nilikuwa napitia pale kumsubiri, basi mzee akaona navyoshikashika vile vipikipiki vya watoto vinavyoletwa kutengenezwa, akaokoteza fremu huku na injini kule, akaniundia cha kwangu, madigadi moja nyekundu na nyingine nyeupe, akanifundisha kusimama juu ya vikanyagio, kutazama mbali na siyo chini ya tairi, na kusikiliza injini kabla ya kugusa kitu chochote. Yeye mwenyewe anashindana tangu sijazaliwa, na kule kwenye uwanja wa klabu yetu, njia ya Kisongo, alikuwa akimaliza mbio zake anavua kofia, anakuja kunishikia pikipiki mstarini kabla hata hajanywa maji, ndevu zote zimejaa vumbi.

Kikombe cha daraja la watoto nilikichukua mwaka wa pili, nikapandishwa injini kubwa kidogo, nayo akaifunga mzee mwenyewe kama anavyonifungia mpaka leo, nikaanguka nikavunjika mkono, nikarudi, nikaingia daraja la vijana ambako tulikuwa wasichana wawili na wavulana kumi na mmoja, mwenzangu akahamia Dodoma nikabaki peke yangu, na misimu miwili ya mwisho nikaimaliza nikiwa wa kwanza. Mtangazaji alikuwa anapiga kelele kwenye spika, "Nusura kashinda! Nusura kashinda!" mpaka bibi yangu, aliyenipa jina hilo kwa sababu mama alinizaa kwa shida na Mungu akatunusuru, akawa anacheka kwamba jina limepata kazi.

Mwaka huu nimepandishwa daraja la wakubwa, na shida yangu imeanzia hapo, kwa sababu kwenye daraja la wakubwa yuko Mzee Mohinder.

Tumeshindana mbio tatu na zote tatu nimemaliza wa pili nyuma yake, na siyo kwamba ananizidi, nakuambia wewe tu, namfikia kabisa. Kila mara mzunguko wa mwisho nakuwa kwenye tairi lake la nyuma, naiona njia ya kumpita upande wa ndani wa kona, iko wazi, halafu nauona mgongo wake, mgongo ule ule uliokuwa unainama kunifunga viatu, na mkono wangu unaachia mafuta wenyewe. Mimi nimelelewa kwamba mkubwa akiwa mbele yako njiani humpiti hivi hivi, unamwamkia, unasema naomba kupita, naye anakuambia pita mwanangu. Sasa pale kwenye vumbi na makelele yale nitasemaje naomba kupita? Mtangazaji ameshanigeuza kichekesho, siku hizi anasema, "Nusura... nusura ashinde!" na uwanja mzima unacheka.

Mbio za tatu ndizo zilizoniharibia. Tulipomaliza nilimfuata kama kawaida nikamwambia, "Shikamoo mzee, hongera." Hakuitikia. Mama, tangu nimjue hajawahi kuacha kuitikia shikamoo yangu, hata siku ana homa. Aliniangalia akasema, "Nimekusikia," akasukuma pikipiki yake akaenda zake. Nikajua amenisikia nilivyomsogelea kwa kishindo pale nyuma, ameona namkosea adabu. Sasa ni wiki ya pili, nikienda gereji namwamkia, anainamisha kichwa kwenye injini kana kwamba sipo. Baba ananiambia, "Umembana mno mzee wa watu, ungemwachia nafasi, mimi niko naye miaka kumi na mitano unataka tuachane hivi?"

Jumapili hiyo ni mbio za kufunga msimu, na atakayekuwa wa kwanza daraja la wakubwa ndiye klabu itakayempeleka Nairobi kushindana na klabu nyingine za Afrika Mashariki. Mzee ametangaza huu ni msimu wake wa mwisho, magoti yamekataa, na huko Nairobi hajawahi kufika hata mara moja, kila mwaka ama anakuwa wa pili ama pikipiki inamzimikia. Na mimi naitaka nafasi hiyo, Mama, naitaka mpaka najifungia bafuni nalia. Nifanye nini? Nisingizie naumwa nisishindane? Nibaki nyuma yake kwa heshima? Au nimpite, halafu nirudi Ngarenaro kwa uso upi?

Nusura

MAMA EVARESTA ANAJIBU

Marahaba, Nusura. Hiyo moja imeitikiwa, sasa tuitafute ya pili.

Kwanza, mwanangu, unaposema "nakuambia wewe tu", kumbuka hili ni gazeti.

Pili, mimi pikipiki siijui. Nimepanda mara mbili maishani na zote mbili nilifumba macho kutoka Moshono hadi mjini. Kwa hiyo barua yako nilimsomea Philemoni, fundi anayetuhudumia jenereta hapa ofisini, nikaisoma kwa sauti naye akiendelea kufungua nati zake. Nilipofika pale mzee aliposema "Nimekusikia", akaweka spana chini akacheka. "Mama," akaniambia, "huyo mzee ni fundi. Pikipiki kusogea nyuma yake ni jambo gani? Hilo anasikia hata muuza mahindi. Kilichomuudhi ni mafuta kuachiwa. Amesikia injini aliyoifunga kwa mikono yake inanywea kwenye kona, wakati ilitakiwa ipige kelele."

Basi rudia kusoma barua yako mwenyewe, halafu ujione ulivyo. Wewe umesikia "nimekusikia unavyonikosea adabu". Yeye alikuwa anasema "nimekusikia unavyonipisha". Miaka tisa mtu anakufundisha kusikiliza injini, ukadhani yeye mwenyewe ni kiziwi?

Najua inauma, na sikuandikii haya nikifurahi. Umelelewa vizuri na ninawapongeza waliokulea, maana wapo wengi wa umri wako wanaonipita hapa mlangoni bila hata kunitazama. Ila hebu fikiria upande wake. Mzee huyu amehangaika na vumbi miaka yote hiyo kuitafuta Nairobi, na katika msimu wake wa mwisho amepata ushindi mara tatu, na hajui hata mmoja kama ni wake. Hajui kama bado ana mbio au anahurumiwa na mtoto ambaye yeye ndiye alikuwa anamfunga viatu. Ungekuwa wewe, ungeitikia?

Shikamoo ni ya mdomoni, Nusura, siyo ya mkono wa mafuta. Iseme kabla ya mbio, uiseme tena baada ya mbio. Hapo katikati mzee wako amevaa namba mgongoni kama wewe, na heshima anayoidai ni wewe kutoa ulichonacho chote.

Baba yako msamehe. Shamsudin naye ni fundi, na mimi nina wasiwasi kwamba alisikia vizuri sana siku ile, ila anaogopa kukosana na mtu aliyekaa naye miaka kumi na mitano. Usigombane naye. Na hilo la kusingizia kuumwa sitaki hata kulisikia, utakuwa umemnyima mzee hata mtu wa kushindana naye.

Sasa nisikilize. Kesho asubuhi nenda gereji kabla hawajaanza kuwasha mashine, uende peke yako. Akiinamisha kichwa kwenye injini, mwache ainamishe, masikio yake unajua yanavyofanya kazi. Mwambie, "Shikamoo mzee. Niliachia mafuta, mara zote tatu. Naomba radhi." Usilie, usianze kumweleza habari za mgongo na viatu, hayo utamwambia siku nyingine. Kisha useme lile neno ambalo umekuwa ukilitafutia nafasi uwanjani bila kulipata, ulisemee hapo hapo kwenye utulivu: "Jumapili naomba kupita." Halafu nyamaza. Mimi simfahamu Mzee Mohinder, lakini sitashangaa akikujibu neno moja tu, "Ukiweza."

Ukishaipata ruhusa hiyo, hiyo Jumapili usiutazame mgongo wa mtu. Tazama mbali, kama alivyokufundisha.

Nami nitakuwepo. Philemoni ameniambia kwa pikipiki hadi Kisongo ni dakika chache, nami kwa ujinga wangu nimekubali, kwa hiyo usinipandishe bodaboda mara ya tatu kuja kuona mtu anaachia mafuta. Yule mtangazaji wa spika usimkasirikie, mrudishie tu ile sentensi yake ya zamani aliyokuwa anaiweza, bibi yako acheke tena.

Akikushinda kwa haki, funga mzigo uende naye Nairobi, ukamshikie pikipiki mstarini kabla wewe hujanywa maji. Ukimshinda, simama, vua kofia, mfuate huko huko kwenye vumbi umwamkie. Safari hii ataitikia.