Fungate Tulikaa

Mji wa Kale,
Mombasa.
20 Februari 2025

Mpendwa Mamdogo Zaituni,

Assalamu alaykum. Pokea shikamoo yangu. Goti lako lasemaje na baridi ya huko Maskati? Mama hajambo, ila sukari yampanda na kushuka. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimempa mwanao Twaha barua hii akuletee, kwa kuwa nikizungumza kwenye simu nyumba nzima husikiliza. Eda naikaa kwa wakwe, na chumba hakikosi watu.

Ujumbe wako wa sauti niliusikia. Umenipa pole, kisha ukasema lau ningalikaa fungate ndani kama mabibi harusi wote, Mzamil angalikuwa hai. Maneno hayo nimeyazoea kwa mavyaa. Wageni wakija kunipa mkono wa tanzia, huwaambia, "Huyu ndiye bibi harusi wa meli." Kwako sikuyatarajia.

Wajua Mzamil alikuwa karani Kilindini. Alizitazama meli za watalii zikija na kuondoka, akaweka nia kuwa akioa atapanda moja. Chumba chetu kilikuwa tayari, somo aliyenifunda ameshatandika kitanda na kumwaga asumini. Naye akasema, "Asumini hazina miguu, tutazikuta."

Tukapanda meli usiku wa harusi, na tulipoiacha Unguja kuelekea visiwa vya mbali, bahari ikachafuka. Meli kubwa kama mtaa, Mamdogo, ikirushwa kama kifuu cha nazi. Sahani zikavunjika, nahodha akaamuru kila mtu asitoke chumbani kwake. Nilitapika mpaka nyongo. Mzamil akanishikia beseni, akaninusisha ndimu, kisha akanifunga kwa leso kiunoni pake nisianguke kitandani. Akanambia, "Sasa ukenda, twenda sote."

Alikwenda peke yake. Bahari ilimrudisha salama. Lori ndilo lililomuua, Makadara, nchi kavu, mchana, mkononi ana mfuko wa mahamri. Lori hakuna alilaumuye. Yalaumiwa meli, na mimi.

Sasa nakueleza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza. Dhoruba ile haikutulia mpaka tuliporudi Kilindini. Siku zote hizo hatukutoka. Mlango umefungwa, chakula chaletwa mlangoni, mke na mume peke yao, jua hatulioni. Hiyo ni nini, Mamdogo, kama si fungate?

Nakuomba umpigie mavyaa umwambie. Maneno yako huyasikiliza; mimi nikisema, itakuwa namjibu. Eda ikiisha nataka nitoke nyumba hii nikiwa mke wa mwanawe, si kisirani.

Asumini tulizikuta kweli, zimekauka. Nimekataa zifagiliwe. Hazinukii tena, kwa hivyo hata eda hainikatazi kukaa nazo.

Nisalimie Ba Mdogo, na Nuru na wanawe. Mola akulainishie mguu, na Ramadhani ikukute na afya.

Mwanao akupendaye, mke wa Mzamil,
Fadhiya